MBONA MIFUKO YA HALMASHAURI HAILINGANI?

Msimu wa kuvuna mpunga ukifika, sisi wa Mwamkulu huwa hatulali mapema. Magunia yanashonwa, malori yanaingia, wanunuzi wanakuja na mizani zao. Lori likifika kwenye geti, ushuru unalipwa. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mmoja anauliza: "Huu ushuru unakwenda wapi?" Mwingine anadakia: "Mbona kwa shemeji yangu, halmashauri nyingine kabisa, zahanati imekwisha, na kwetu bado?" Wa tatu anafunga mazungumzo: "Wenzetu wana mtu mkubwa serikalini. Basi!"

Jamani, hilo la mtu mkubwa ni rahisi kulisema. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine, na inaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi. Leo tujifunze mambo matatu: fedha za halmashauri zinatoka wapi, kwa nini hazilingani, na sisi wananchi tufanye nini.

1. TUANZE NA MFEREJI

Sisi tunaolima mpunga tunajua tabia ya maji. Mwenye jaruba karibu na banio hupata maji kwanza. Aliye mwisho wa mfereji hupata yaliyobaki, na mwaka mbaya hapati kitu. Je, huyo wa mwisho ni mvivu? Hapana. Pengine ni hodari wa jembe kuliko wote. Tatizo ni mahali shamba lake lilipo.

Ndiyo maana wakulima huchagua mtu wa kugawa maji. Yeye huweka zamu, ili wa mwisho naye apate. Lakini mgawaji mzuri hutazama mambo mawili. Kwanza, nani yuko mbali na maji. Pili, nani ameacha mfereji wake umejaa majani na tope. Aliye mbali asaidiwe. Aliyeacha kusafisha mfereji aambiwe akasafishe.

Halmashauri zetu ziko hivyo hivyo. Tanzania Bara ina halmashauri zaidi ya 180: za wilaya, za miji, za manispaa na za majiji. Zote zinatakiwa kutoa huduma kwa wananchi. Lakini hazikukaa sawa kwenye mfereji wa fedha.

2. MIFUKO MITATU

Halmashauri hupata fedha kutoka mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni mapato ya ndani. Hizi ni fedha ambazo halmashauri hukusanya yenyewe: ushuru wa mazao, ushuru wa soko na stendi, ushuru wa huduma kutoka kwa wenye biashara, ada za leseni, na kadhalika.

Mfuko wa pili ni ruzuku. Hizi ni fedha kutoka Serikali Kuu. Mishahara ya walimu na waganga, na sehemu kubwa ya fedha za ujenzi, hutoka huko.

Mfuko wa tatu ni wahisani, mikopo, na nguvu zetu wenyewe: mchanga, mawe, matofali na michango.

Kwa miaka mingi mfuko wa pili ndio umekuwa mkubwa kuliko yote. Halmashauri nyingi za vijijini hazikusanyi hata robo ya fedha zinazotumia. Kwa hiyo mtu akisema "halmashauri inaishi kwa ushuru wetu wa mpunga", anasema kweli kidogo tu.

3. KWA NINI MAPATO YA NDANI HAYALINGANI

Tutazame mkoa wetu wa Katavi. Mkoa huu ulitengwa na Rukwa mwaka 2012. Una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Kata yetu ya Mwamkulu iko ndani ya Manispaa. Jina ni la mji, lakini sisi ni wakulima. Manispaa ina soko, stendi na maduka. Halmashauri ya wilaya haina mji mkubwa namna hiyo, hutegemea zaidi mazao, mifugo na misitu.

Na mazao nayo hayalingani. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa. Zamani uliweza kufika asilimia 5, yaani shilingi 5 katika kila shilingi 100. Ukawekwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Hebu tupige hesabu kwa viwango hivyo:

Mnunuzi akinunua tumbaku ya shilingi 1,000,000, ushuru ni shilingi 30,000.
Mnunuzi akinunua chakula cha shilingi 1,000,000, ushuru ni shilingi 20,000.

Kwa hiyo halmashauri ya tumbaku ilipata zaidi kuliko halmashauri ya chakula, hata kama wakulima wote walitoka jasho sawasawa.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Ushuru ulipopunguzwa, sisi wakulima tulifurahi. Tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini shilingi ile ile iliyobaki mfukoni mwetu ilipungua kwenye mfuko wa halmashauri. Halmashauri ya mjini, yenye stendi na maduka, haikuumia sana. Iliyoumia ni ile inayotegemea mazao peke yake. Nafuu ya mkulima ilikuwa pengo la zahanati yake, isipokuwa kama Serikali Kuu ililiziba pengo hilo.

Tutazame mbali kidogo. Halmashauri za Geita na Tarime zina migodi mikubwa ya dhahabu. Kampuni ya mgodi hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa shilingi 3 katika kila shilingi 1,000 za mauzo. Ni kidogo? Kwa duka la mtaani, ndiyo. Kwa mgodi unaouza dhahabu ya mabilioni, ni fedha nyingi sana. Dar es Salaam kuna Kariakoo, mabenki, viwanda na hoteli. Hizo nazo hulipa.

Turudi nyumbani. Katika wilaya ya Tanganyika, hapa hapa Katavi, viko vijiji 8 vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata. Vijiji hivyo vimepata mabilioni ya shilingi kwa biashara ya hewa ukaa. Maana yake, watu wa nje ambao shughuli zao huchafua hewa hulipa ili msitu usikatwe, kwa sababu miti hunyonya hewa hiyo. Fedha zimejenga madarasa na zahanati, zimelipia watu bima ya afya. Wale wenzetu wamefanya kazi ya kulinda msitu, tuwasifu. Lakini pia walikuwa na msitu. Sisi tuna mbuga za mpunga. Hatuwezi kuuza msitu ambao hatuna.

Mali ya ardhi ni bahati ya mahali. Hata reli kutoka Kaliua ililetwa Mpanda enzi ya Mwingereza kwa sababu hapa palikuwa na madini ya risasi.

4. HESABU YA DARASANI

Sasa tutoe mfano. Huu ni mfano wa darasani tu. Halmashauri hizi hazipo.

Halmashauri ya Kwanza ina watu 200,000. Inakusanya shilingi bilioni 1 kwa mwaka.
Halmashauri ya Pili nayo ina watu 200,000. Inakusanya shilingi bilioni 6 kwa mwaka.

Tukigawa kwa kila mtu: kwa Kwanza ni shilingi 5,000. Kwa Pili ni shilingi 30,000.

Iko sheria tangu mwaka 2018 kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani itolewe mikopo bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Sheria ni moja kwa wote. Lakini asilimia 10 ya bilioni 1 ni milioni 100. Asilimia 10 ya bilioni 6 ni milioni 600. Kama kila kikundi kinapewa milioni 5, kule kwa Kwanza vinapata vikundi 20, kwa Pili vinapata vikundi 120. Akina mama wa Kwanza hawakukosea popote. Wamezaliwa tu upande wa mwisho wa mfereji.

Sasa Serikali Kuu inaleta ruzuku ya bilioni 10 kwa halmashauri zote mbili. Igaweje?

Njia ya kwanza: nusu kwa nusu. Kila moja bilioni 5. Kwanza anakuwa na bilioni 6. Pili anakuwa na bilioni 11. Mgawo umekuwa sawa, lakini tofauti imebaki ile ile.

Njia ya pili: Kwanza apewe bilioni 7 na nusu, Pili apewe bilioni 2 na nusu. Sasa kila mmoja ana bilioni 8 na nusu. Wamelingana.

Lakini ngojeni. Wa Pili atalalamika: "Kama nikikusanya zaidi mnanipunguzia, basi nikusanye kwa nini?" Naye ana haki. Na wa Kwanza anaweza kusema: "Nikilala napewa, nikikusanya napunguziwa. Bora nilale." Hilo ni baya zaidi. Kwa hiyo mgawaji mwenye busara hapimi shilingi ulizokusanya. Hupima shilingi ambazo ungeweza kukusanya kwa hali ya mahali pako. Asiye na chanzo asaidiwe. Mwenye chanzo ambaye hakusanyi akasafishe mfereji wake.

5. TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka kodi ya kichwa, na baadaye kodi ya maendeleo. Mgambo wakija, wanaume walikimbilia porini. Mwenye ng'ombe 100 na asiye na kuku walidaiwa karibu sawa. Kodi hiyo iliwaonea maskini.

Halmashauri zenyewe ziliwahi kufutwa. Mwaka 1972 madaraka yalipelekwa mikoani, na halmashauri za wilaya zikaondolewa. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kodi ya maendeleo ikawa moja ya vyanzo vyao vikubwa vijijini, kwa sababu watu wako kila mahali, hata pasipo na dhahabu wala soko.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, pamoja na kodi nyingine nyingi za kero. Watu walishangilia. Lakini halmashauri za vijijini zikabaki na mifuko mitupu, zikaanza kutegemea ruzuku zaidi kuliko zamani. Serikali Kuu ilitoa ruzuku ya kufidia. Tangu hapo, swali kubwa halikuwa tena "tutoze nani?" Likawa "ruzuku igawiwe vipi?"

6. KUHESABIWA NI KUGAWIWA

Kuanzia mwaka 2004 ulianzishwa utaratibu wa kugawa ruzuku kwa vipimo, siyo kwa kujuana. Fedha za elimu ya msingi zilipimwa kwa idadi ya watoto wa umri wa kwenda shule. Fedha za afya ziligawiwa hivi: sehemu 70 katika 100 kwa idadi ya watu, sehemu 10 kwa umaskini, sehemu 10 kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka 5, na sehemu 10 kwa urefu wa njia ambazo gari la afya hupita. Huo ulikuwa mgawo wenye akili. Uliwakumbuka maskini na walio mbali.

Lakini ulikutana na mambo mawili magumu.

Jambo la kwanza ni mishahara. Sehemu kubwa ya ruzuku ni mishahara, na mshahara humfuata mtumishi alipo. Mwalimu akihama kutoka kijijini kwenda mjini, mshahara wake umehama naye. Ukipiga hesabu, mji umepata ruzuku zaidi, ingawa kipimo kwenye karatasi kilisema vingine. Kwa hiyo nyumba ya mwalimu tunayoijenga kwa matofali yetu siyo ya mwalimu peke yake. Ni njia ya kuifanya ruzuku ikae kwetu.

Jambo la pili ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka 10 tumekuwa zaidi ya mara mbili! Watu wamekuja na mifugo, wamekuja kulima, wamezaliwa. Sasa fikiri. Mgawaji akipima kwa kamba ya zamani, dawa zilizokusudiwa mgonjwa mmoja zinagawiwa wawili. Wataalamu hufanya makisio kati ya sensa na sensa, lakini makisio hayawezi kumwona kila aliyehamia juzi.

Ndiyo maana karani wa sensa akija, tusimfiche mtu. Wengine walificha watu wakidhani wanakwepa kodi. Kumbe walikuwa wanakwepa dawa. Vivyo hivyo kwa mtoto wa shule. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, fedha za uendeshaji zimekwenda moja kwa moja shuleni kwa kuhesabu wanafunzi. Mtoto anayechunga ng'ombe na hakuandikishwa, hesabuni hayumo.

7. MAJIRANI WAMEFANYAJE

Jambo hili siyo la Tanzania peke yake. Wenzetu wa Kenya walipata katiba mpya mwaka 2010. Mwaka 2013 kaunti 47 zilianza kazi. Katiba yao inasema kaunti zipate sehemu zisizopungua 15 katika kila 100 za mapato ya taifa. Tena iko hazina ya kusawazisha: nusu shilingi katika kila shilingi 100, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma.

Hata hivyo walivutana. Mwaka 2020 maseneta walibishana kwa miezi kuhusu kipimo cha kugawa. Kaunti zenye watu wengi zilisema: "Tazameni watu." Kaunti kubwa za ukame zilisema: "Tazameni na ardhi, maana kwetu zahanati moja iko safari ya siku nzima." Walikubaliana mwezi Septemba, kwa sharti kwamba kaunti yoyote isipunguziwe. Na fedha za hazina ya kusawazisha zilichelewa miaka mingi kuwafikia waliokusudiwa. Tunajifunza nini? Sheria nzuri ni mwanzo tu. Lazima watu wafuatilie.

8. SISI TUFANYE NINI

Kwanza, tudai stakabadhi. Kisheria anayelipa ushuru wa mazao ni mnunuzi, siyo mkulima, ingawa mnunuzi mjanja huuondoa kwenye bei yetu. Pia mwaka 2017 iliamuliwa kwamba mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kwenda halmashauri nyingine asitozwe. Lakini palipo na ushuru wa halali, stakabadhi itoke kwenye mashine. Fedha isiyo na stakabadhi haimsaidii mgonjwa yeyote.

Pili, tuhudhurie mikutano ya kijiji au mtaa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mapato na matumizi yasomwe na yabandikwe ubaoni. Sisi tumejifunza kusoma. Basi tusome na ubao huo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tujue mlango wa kubisha. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA. Ukimgombeza diwani kuhusu fedha ambazo hazipiti kwake, umechoka bure. Mwombe akufuatilie huko ziliko.

Nne, tunapouliza, tuulize sawasawa. Swali "kwa nini wenzetu wamepata?" linajibiwa kwa maneno. Swali zuri ni hili: "Mwaka huu tulikusanya kiasi gani? Tulipangiwa ruzuku kiasi gani? Imefika kiasi gani? Tumehesabiwa watu wangapi?" Maswali hayo hujibiwa kwa tarakimu.

Tano, tusianzishe majengo mengi kwa pamoja. Mahali pengi nchini yako maboma ya madarasa yaliyosimama miaka bila bati. Nguvu za wananchi zimelala pale. Bora boma moja lililopangiwa fedha za kuezeka, kuliko matatu yanayonyeshewa.

Ndugu wasomaji, halmashauri yenye mfuko mdogo siyo lazima iwe ya wavivu, wala yenye mfuko mkubwa siyo lazima iwe ya hodari. Tusidharauliane. Lakini tusikubali pia kwamba mtoto aliyezaliwa mbali na dhahabu akose mwalimu. Yeye ni Mtanzania kama yule mwingine. Mgawaji wa maji yupo kwa ajili hiyo, na sisi tulio mwisho wa mfereji tunatakiwa kujua hesabu yake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mapato ya ndani: fedha ambazo halmashauri hukusanya yenyewe.
Ruzuku: fedha ambazo Serikali Kuu huipa halmashauri.
Asilimia: sehemu katika kila mia.
Chanzo: mahali fedha zinapotoka.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha malipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mifuko mitatu ya halmashauri. Upi ni mkubwa zaidi kwa halmashauri nyingi za vijijini?
2. Mnunuzi amenunua mpunga wa shilingi 3,500,000. Kwa kiwango cha asilimia 2, ushuru ni shilingi ngapi?
3. Rudia mfano wa Kwanza na Pili. Kama ungekuwa mgawaji, ungezigawaje zile bilioni 10? Eleza sababu.
4. Kijijini au mtaani kwenu, nyumba za walimu ni ngapi, na walimu ni wangapi?
5. Mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini mkutanoni kwenu? Mkutano ujao, nani atauliza?